Vituo Vilivyorukwa

Mnamo Aprili 1919 vibarua 700 walianza kubomoa vichuguu huko Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Vita Kuu vilikuwa vimekwisha Novemba iliyotangulia, na Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza lilitaka kuwa na viwanja vya kutua kuanzia Cairo mpaka Cape Town. Kazi iliendelea hadi Agosti. Udongo uliohamishwa ulikadiriwa kufikia tani 25,000, na hapo ni kiwanja kimoja tu kati ya vingi. Wakati huo hapakuwa na ndege hata moja iliyowahi kuruka kutoka Uingereza hadi sehemu hizo.

Habari za safari za anga kati ya London na Afrika Mashariki huwa zinasimuliwa kwa majina ya marubani na ya ndege zao. Lakini anayetaka kujua kwa nini safari ya London hadi Nairobi, yenye takriban kilomita 6,800 na inayomalizika leo kwa saa nane na nusu au tisa, iliwahi kula siku kumi, hana budi kutazama chini, kwenye ardhi na maji. Muda ulipungua kila vituo vilipopungua, na kila kituo kilichofutwa kilikuwa mji wenye watu wake, ambao kwa miaka michache walikuwa wamekaa kwenye njia kuu ya dunia.

Ndege za kwanza zilijaribu bahati yao mwanzoni mwa 1920. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, maofisa wawili kutoka Afrika Kusini, waliondoka Brooklands karibu na London tarehe 4 Februari kwa ndege ya Vickers Vimy waliyoiita Silver Queen. Iliharibika Korosko, kwenye bonde la Nile. Wakapewa nyingine ya aina hiyohiyo, wakapita Kisumu, nayo ikaanguka Bulawayo ilipokuwa inajaribu kupaa. Wakamalizia na ndege ya tatu, wakaingia Cape Town tarehe 20 Machi. Safari yote ilichukua siku 45, lakini angani walikaa saa 109 hivi tu. Siku nyingine zote ziliishia ardhini, wakitengeneza, wakisubiri mafuta, wakisubiri ndege nyingine.

Vimy nyingine katika mbio hizo ilitumwa na gazeti la The Times ikiwa na abiria mashuhuri, mwanazuolojia Peter Chalmers Mitchell. Yenyewe ilikomea Tabora. Tarehe 27 Februari, ikiwa inajaribu kupaa, injini ilishindwa na ndege ikaanguka. Abiria na marubani walinusurika, safari ikafa. Tabora ilikuwa imezoea wasafiri: mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kwa miguu kutoka pwani hadi hapo, wakifuata njia ya misafara ya pembe, na tangu 1912 reli ilikuwa imeshafika mjini. Lakini nyanda za juu hazikuwa rafiki wa ndege. Hewa ya mita 1,200 juu ya bahari ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Bawa hushika kidogo, injini huvuta kidogo, na kiwanja kilichotosha Uingereza huonekana kifupi kabla gurudumu halijaachana na ardhi. Tatizo hilo la hewa nyepesi litajitokeza tena na tena katika historia hii, hadi karne yetu.

Rubani Alan Cobham aliyeruka kutoka London Novemba 1925 na kufika Cape Town Februari 1926 alithibitisha kwamba njia inapitika. Kazi yake hasa ilikuwa kuikagua kwa niaba ya Imperial Airways, shirika la Uingereza lililoundwa mwaka 1924. Jibu lililopatikana kwa upande wa Afrika Mashariki lilikuwa rahisi na la busara: kama ardhi ina vichuguu, miti na matope ya masika, basi tua majini. Mto Nile na maziwa makubwa vilikuwa tayari ni viwanja visivyohitaji jembe.

Hivyo tarehe 28 Februari 1931 barua za kwanza za ratiba ya kila wiki ziliondoka uwanja wa Croydon, kusini mwa London, kwenda Mwanza. Naam, Mwanza. Mji wa wavuvi na wanunuzi wa pamba uliandikwa kwenye ratiba ya Imperial Airways kama mwisho wa njia iliyoanzia mji mkuu wa dola. Umbali ulizidi kilomita 8,000 kwa sababu njia ilifuata vituo, na safari ilichukua siku kumi hivi. Kwanza barua zilivuka Ulaya, ndege ya majini ikavuka Bahari ya Kati hadi Misri, ndege ya magurudumu ikafuata Nile hadi Khartoum, kisha ndege ya majini ya aina ya Calcutta ikachukua zamu ya mwisho kupitia Sudani na Uganda mpaka Ziwa Victoria. Mwanzoni abiria walifika Khartoum tu. Barua ndizo zilizoendelea.

Mwanza ilishika cheo hicho kwa muda usiozidi mwaka. Januari 1932 njia ilipanuliwa hadi Cape Town, na sehemu ya kusini ikapewa ndege za magurudumu. Zilitoka Kisumu, zikapita Nairobi, Dodoma na Mbeya, zikaingia Rhodesia. Mwanza ikabaki upande wa pili wa ziwa. Hakuna kilichoharibika pale; ziwa lilikuwa lilelile, na maji yalikuwa yanatosha kama zamani. Ramani ndiyo iliyosogezwa kidogo upande wa mashariki.

Kusafiri kwa njia hiyo katika miaka ya 1930 kulikuwa kazi ya mchana tu. Ndege haikuwa na vyombo vya kuiongoza salama gizani, kwa hiyo jua likielekea kuzama ilitua, abiria wakalala hotelini au kwenye nyumba ya wageni, wakaamshwa kabla ya alfajiri. Calcutta ilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Iliruka chini kiasi kwamba joto la Sudani liliirusha huku na huku na abiria wakatapika, lakini pia chini kiasi kwamba rubani aliweza kuzunguka juu ya kundi la tembo kwenye Nile ili kila mtu aone. Barani Ulaya kulikuwa na kikwazo cha siasa: kwa miaka kadhaa sehemu ya safari kati ya Paris na bandari ya Brindisi ilifanywa kwa treni, maana Italia haikukubali kuziachia ndege za Uingereza anga lake kirahisi. Msafiri wa anga alikaa kwenye treni kwa siku mbili.

Kila kituo kilihitaji watu. Mafuta yalifika kwa madebe, yakapakuliwa, yakabebwa, yakamiminwa. Kulikuwa na wapiga makasia na waendesha mashua wa kuwaleta abiria gatini, wapishi wa chakula cha jioni, walinzi wa usiku, makarani wa posta. Abiria wenyewe walikuwa maofisa wa serikali, walowezi, wafanyabiashara na matajiri wa kwenda kuwinda. Wenyeji walioifanya njia ipitike hawakupewa kiti ndani yake, na vitabu vingi vya historia ya anga haviwataji kabisa. Ni pengo kubwa, kwa sababu bila madebe yale kwenye vituo kama Malakal au Butiaba, injini bora kuliko zote za Uingereza isingefika Kisumu.

Kisumu ndiyo iliyonufaika zaidi. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson pamoja na rubani Tom Campbell Black, ilichukua barua zilizoshuka hapo na kuzisambaza Nairobi na miji ya pwani. Mji wa ziwani ukawa mlango wa nchi nzima.

Mwaka 1937 mambo yalibadilika tena, safari hii kwa fahari. Imperial Airways ilileta ndege za majini za kampuni ya Short, kubwa, za ghorofa, zenye injini nne na mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Ndani mlikuwa na chumba cha kuvutia sigara na nafasi ya abiria kusimama dirishani kutazama nchi. Tarehe 29 Juni ndege iitwayo Centurion iliondoka Southampton kwenda Durban ikiwa na barua za mpango mpya wa posta: nusu aunsi kwa peni moja na nusu, bei ileile ya barua ya ndani ya Uingereza. Umbali wa siku nyingi ukawa na thamani ya stempu ya kawaida. Kati ya mageuzi yote ya njia hii, huenda hili ndilo lililowafikia watu wengi zaidi.

Ratiba ya njia hiyo mpya inasisimua hata leo. Baada ya Alexandria na Cairo ndege ilitua Wadi Halfa, Khartoum, Malakal, Butiaba kwenye Ziwa Albert, Port Bell karibu na Kampala, Kisumu, kisha ikavuka nchi kavu hadi Mombasa, ikashuka Dar es Salaam, Lindi, Kisiwa cha Msumbiji, Beira, Lourenço Marques na Durban. Lindi, mji ambao msafiri wa kutoka Dar es Salaam angeufikia kwa meli au kwa barabara iliyokatika wakati wa mvua, ulikuwa na ndege ya kwenda Southampton. Nairobi haikuwamo. Haina maji ya kutosha kutua ndege ya namna hiyo, kwa hiyo mtu wa makao makuu ya koloni alilazimika kwenda Kisumu kwanza.

Njia ya maji nayo ilikuwa na hatari zake. Tarehe 14 Machi 1939 ndege iitwayo Corsair ilitoka Port Bell kuelekea Juba ikiwa njiani kurudi Uingereza. Kifaa cha kutafuta mwelekeo kiliwapoteza, mafuta yakaanza kwisha, na rubani Alcock, ndugu yake John Alcock aliyevuka Atlantiki mwaka 1919, akaona mto mwembamba msituni. Akatua. Walikuwa wametokea Kongo ya Wabelgiji, karibu na Faradje. Ndege iligonga mwamba na kutoboka, lakini hakuna aliyekufa. Wahandisi walikuja, wakaitengeneza, wakajaribu kupaa Julai, ikagonga mwamba tena. Ikabidi mto uzuiwe kwa bwawa ili maji yajae. Vibarua wa Kikongo walifanya kazi miezi mingi, kijiji kikazaliwa pembeni ya kazi hiyo, na tarehe 6 Januari 1940 Corsair iliruka kutoka kwenye ziwa dogo lililotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Kuna mtu anaweza kuuliza kama ndege moja ilistahili jasho lote hilo. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, na ndege za aina hiyo hazikuwa zinatengenezwa tena kwa wingi.

Vita hivyo ndivyo vilivyoipindua njia. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Bahari ya Kati ilifungwa. Barua ya London kwenda Kisumu ilipanda meli, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikashuka Durban, ndipo ikapanda ndege ya majini kuelekea kaskazini kupitia Lindi, Dar es Salaam na Mombasa. Njia ilianzia Durban, ikapinda Cairo, ikaendelea hadi Sydney. Kwa Waafrika Mashariki, Uingereza ilihamia kusini kwa miaka mitatu.

Baada ya vita viwanja vya saruji na lami vilivyoachwa na majeshi vilikuwa vingi, na ndege za magurudumu zikawa na uwezo wa kwenda mbali. Ndege za majini zilijikongoja kidogo. Mwaka 1949 shirika la Uingereza la BOAC lilizituma hadi Ziwa Naivasha, abiria wakamalizia kwa barabara hadi Nairobi. Novemba 1950 BOAC iliziondoa kabisa Afrika. Kufikia hapo Butiaba, Port Bell, Kisumu na Malakal zote zilikuwa zimetoka kwenye ratiba ya ndege za majini za London.

Kiasi gani cha muda kilikuwa kimepungua? Februari 1952 ilitoa kipimo ambacho dunia nzima ilikitazama. Binti mfalme Elizabeth alikuwa Kenya, kwenye nyumba ya Sagana karibu na Nyeri, alipopata habari kwamba baba yake amefariki. Tarehe 6, jioni, alipanda ndege aina ya Dakota ya East African Airways kutoka Nanyuki hadi Entebbe. Mvua ya radi ikamchelewesha. Ndege ya BOAC aina ya Argonaut ilipaa karibu saa 6 za usiku, ikatua El Adem nchini Libya kuongeza mafuta, na malkia mpya akateremka London tarehe 7, yapata saa 10 na nusu jioni. Karibu saa 20. Miaka 20 kabla ya hapo, wakati wa mfuko wa barua wa Mwanza, angetumia siku kumi.

Miezi mitatu baadaye, mwanzoni mwa Mei 1952, Entebbe ilipokea kitu kipya kabisa: Comet, ndege ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria kwa ratiba, ikiwa katika safari yake ya kwanza kutoka London kwenda Johannesburg kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ilitumia chini ya saa 24. Furaha haikudumu. Ndege ileile, yenye namba G-ALYP, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954 na kuua wote 35 waliokuwamo. Nyingine ikafuata Aprili. Uchunguzi ulionyesha kwamba bodi lililojazwa hewa na kupunguzwa kila safari lilikuwa linachoka mpaka likachanika.

Wakati wachunguzi wanaokota vipande baharini, Nairobi ilikuwa inajengwa uwanja mpya, Embakasi. Hapa historia inarudi kwenye jembe, na kwa namna chungu zaidi kuliko Ndola. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na waliosombwa kwa madai ya kuwa Mau Mau walipelekwa kambini. Sehemu kubwa ya kazi ya Embakasi ilifanywa na wafungwa hao, chini ya ulinzi, kwa mikono. Gavana Evelyn Baring aliufungua uwanja mwaka 1958. Mamilioni ya watu wamepita pale tangu siku hiyo, kwanza kwa jina la Embakasi na baadaye kwa jina la Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alikuwa mfungwa wa wakati huohuo. Jambo hili lingepaswa kuwa maarufu kuliko lilivyo.

Uwanja uko mita 1,600 na ushee juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita nne. Sababu ni ileile iliyoiangusha Vimy ya Tabora. Ndege ya VC10 ya Uingereza, yenye injini nne mkiani, iliundwa kwa kuzingatia viwanja kama hivi vya juu na vya joto. East African Airways, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar tangu 1946, lilinunua Comet 4 mwaka 1960 na kupata Super VC10 mwaka 1966. Njia ya London sasa ilikuwa pia mikononi mwa watu wa huku, na safari bila kutua ikawezekana. Shirika lilipata msiba Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, VC10 yake ilipoanguka ikijaribu kusimama wakati wa kupaa, na watu 43 wakafa. Kilicholiua lenyewe kilikuwa ugomvi wa madeni na siasa kati ya nchi wanachama. Mapema 1977 ndege zilizuiwa, shirika likavunjika, na kila nchi ikaanza lake. Nairobi ilibaki na uwanja mkubwa na wateja; Entebbe na Dar es Salaam zikaachwa kutafuta pa kushika.

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilipeleka Boeing 787 moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, karibu kilomita 11,850, saa 15 kwenda na takriban 14 kurudi kwa kusukumwa na upepo wa magharibi. Iliondoka usiku. Hewa ya usiku Nairobi ni baridi na nzito, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inaihitaji.

Huku Nairobi inapaa juu zaidi, majirani walipungukiwa. British Airways iliacha kwenda Dar es Salaam mwaka 2013, ikaacha Entebbe mwaka 2015. Mwezi Mei 2025 Uganda Airlines ilianza safari ya Entebbe hadi Gatwick kwa Airbus A330, na Uganda ikarudi kwenye njia ya London kwa ndege yake yenyewe.

Njia yenyewe, hata hivyo, imerefuka tena. Tarehe 15 Aprili 2023 mapigano yalizuka Khartoum, ndege zikaungua uwanjani, na Sudani ikafunga anga lake. Ndege za abiria zilizokuwa zinafuata takriban mstari uleule wa Wadi Halfa na Khartoum zikaanza kuizunguka nchi hiyo kupitia Bahari ya Shamu na Ethiopia, zikachoma mafuta zaidi na kuongeza dakika ambazo wahandisi walitumia miaka 90 kuzipunguza. Malakal imekuwa ndani ya vita kwa vipindi kadhaa tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Sudani Kusini mwaka 2013.

Msafiri wa Mwanza anayekwenda London leo mara nyingi huruka kwanza kuelekea kusini-mashariki hadi Dar es Salaam, kisha anabadilisha ndege tena Addis Ababa, Doha, Dubai au Amsterdam. Wa Lindi mara nyingi huanza kwa basi, kama kilomita 450 za barabara hadi Dar es Salaam, ndipo apande ndege.